Yai limekwama: la kufanya kabla ya kukimbilia sindano

Juzi jirani aliniletea mtetea wake ndani ya kikapu, chotara mwekundu, mkia chini, macho nusu yamefumba. Alishamnywesha dawa ya mafua siku mbili. Kuku mwenyewe hakuwa na mafua, alikuwa na yai lililogoma kutoka. Hapa kwetu Dar, joto likishapanda, kesi hizi haziishi, kwa hiyo naandika yote mara moja.

Hatua ya 1: Hakikisha ni yai kweli

Kuku aliyeruka siku moja bila kutaga haumwi. Yai moja huchukua kama saa 25 kutengenezwa, na karibu 20 kati ya hizo ni za ganda peke yake. Kila siku anachelewa kidogo, mpaka inafika siku anaruka. Ni kawaida.

Mwenye yai lililokwama anaingia na kutoka kiotani bila kuacha kitu. Anasimama wima, anajikamua, mkia unapanda na kushuka kwa kila pumzi. Kinyesi ni kidogo, cheupe na majimaji, au hakuna kabisa. Usimchanganye na anayetaka kuatamia: huyo amejibandika kiotani, ukipeleka mkono anatuna na kukudonoa, na akishuka anakula kwa pupa kisha anakunya rundo moja kubwa lenye harufu ya kukimbiza watu.

Hakikisha kwa kidole. Kata kucha, vaa glovu, paka mafuta ya nazi, ingiza taratibu kwenye njia ya kutagia kiasi cha sentimita 3 hadi 5. Utagusa kitu kigumu cha mviringo. Kikibonyea, ni yai tepe lisilo na ganda, na hilo ndilo sumbufu zaidi kwa sababu misuli haipati kitu cha kushika na kusukuma. Usipogusa yai na tumbo limejaa maji, huu si ugonjwa wa mwongozo huu. Mpeleke kwa mtaalamu wa mifugo.

Hatua ya 2: Kalsiamu

Ya maji, ya kunywesha, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Dondoshea pembeni mwa mdomo na usubiri ameze. Ukimiminia itaingia njia ya hewa. Ya sindano mwachie mtaalamu, kwani ikiingia haraka inaweza kusimamisha moyo.

Hatua ya 3: Beseni la maji ya uvuguvugu

Hapa ndipo watu wanapoharibu, hasa kwa haraka. Maji yawe ya kuogeshea mtoto mchanga. Yapime kwa kiwiko, viganja vya mpishi vimeshazoea moto. Kuku mwenyewe joto lake ni kama nyuzi 41, kwa hiyo maji unayoyaona wewe "si baridi sana", kwake ni baridi, na baridi inazidi kukaza misuli unayotaka ilegee.

Jaza mpaka yafunike njia ya kutagia na tumbo la chini, yasifike shingoni. Tandika kitambaa chini ya beseni, maana akiteleza atapiga mabawa, na kuku anayehangaika na yai gumu tumboni anaweza kulivunja humohumo. Mshike kwa mikono miwili, mabawa yamebanwa, kifua kikiwa huru: ndege hupumua kwa kutanua kifua, ukikibana unamnyonga bila kujua. Mwanzoni atapinga. Baada ya dakika chache analegea, wengine husinzia kabisa.

Kaa naye dakika 15 hadi 20, ukiongeza maji ya moto pembeni, mbali na mwili wake. Chumvi ya magnesiamu ukiwa nayo weka, usipokuwa nayo usihangaike kuitafuta mji mzima. Kazi inafanywa na joto. Usilikamue tumbo. Naona watu wanalisukuma yai kwa vidole gumba. Acheni.

Halafu mkaushe. Kuku aliyelowa akiachwa kwenye upepo anapoteza joto lote ulilompa. Taulo kwanza, kisha kikaushia nywele kwa moto mdogo kama umeme upo.

Hatua ya 4: Giza

Boksi, nyasi kavu, maji ya kunywa, chumba chenye joto kisicho na watoto. Mwache saa moja au mbili. Bado? Rudia beseni.

Hatua ya 5: Yai likichungulia

Paka mafuta kuzunguka njia na umwache asukume mwenyewe. Usilipasue likiwa ndani. Vipande vya ganda vinakata, na uchafu wa yai ukibaki tumboni unaleta maambukizi yanayoua. Ile sindano ya uchungu ya ng'ombe inayouzwa kwenye maduka ya dawa za mifugo siipendi: njia ikiwa imeziba, unalazimisha kifuko cha uzazi kipasuke. Ikipita siku nzima bila yai kutoka, mtafute mtaalamu.

Hatua ya 6: Baada ya hapo

Usimrudishe bandani siku hiyo. Wenzake wakiona wekundu nyuma watamdonoa mpaka utumbo utoke.

Kisha angalia chakula. Pumba na ukoko wa wali vinanenepesha, na kuku mnene hupata shida hii kirahisi. Mpe chakula cha kuku wa mayai, na pembeni weka chombo cha maganda ya chaza yaliyopondwa chengachenga, yasiwe unga. Weka jioni, kwa sababu ganda hujengwa usiku. Tembe ambao hawajaanza kutaga wasile chakula hicho, kalsiamu nyingi inawaharibu figo.

Mayai tepe yakianza kutoka kwa kuku wengi kwa pamoja, tatizo si yai kukwama tena. Fikiria mdondo, ule ugonjwa wa virusi unaochanjwa, na uangalie mara ya mwisho ulichanja lini.

Anayekwama mara ya tatu mimi simuogeshi tena, namchinja. Kama alipewa antibiotiki, soma kwenye kopo siku za kusubiri kabla ya kula nyama, na mayai yake pia usiyauze hadi ziishe.