Nyumba ya pili kwenye ploti ya Kisumu: anza na shimo, sebule itafuata

Nyumba ndogo inayozungumziwa hapa ni ya mawe na mabati, si ile nyingine. Ni vyumba viwili vya kulala, mita 7 kwa 6, nyuma ya nyumba iliyopo kwenye ploti ya futi hamsini kwa mia. Kule dala, yaani boma la Waluo kijijini, simba (nyumba ndogo) ya kijana hukaa karibu na lango na mzee ndiye husema wapi. Kwenye ploti ya mjini msemaji ni shimo la maji taka, ndiyo maana hapa limetangulia michoro.

Hatua ya 1: Karatasi

Fanya sachi rasmi (upekuzi) ya hati miliki. Tazama kama kuna mkopo wa benki juu yake (benki itahitaji kuridhia), kama ni ya kukodi kutoka serikalini, na matumizi yake ni yapi. Ploti nyingi za pembezoni, upande wa Kibos na Mamboleo, bado zinahesabiwa shamba hata kama majirani wote wameshajenga. Hapo badilisha matumizi kwanza. Lipa pia kodi ya ardhi ya kaunti yote, na malimbikizo yake.

Kama nyumba ya kwanza haikuwahi kupitishwa, itakukwamisha, kwa sababu lazima ionekane kwenye mchoro wa ploti. Omba ihalalishwe kwanza. Kugawa ploti si lazima, ila kama unataka kuiuza nyumba ya pili peke yake siku za mbele.

Hatua ya 2: Bikoni

Mwite mpima ardhi mwenye leseni akuonyeshe bikoni, yaani alama za mipaka. Usipime kutoka kwenye ua. "Hamsini kwa mia" mara nyingi husomeka hekta 0.045 kwenye hati, yaani mita 15 kwa 30, na ua ukizunguka zaidi ya hapo, kuna uwezekano mkubwa umeingia kwenye hifadhi ya barabara. Kama bikoni zimepotea na jirani anabisha, Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inakupeleka kwa msajili wa ardhi kabla ya korti.

Sasa piga hesabu ya urefu. Acha mita 6 mbele, nyumba iliyopo ina kina cha mita 11, acha 3 kati ya nyumba na nyumba, na 3 nyuma. Zinabaki 7. Nyumba yenye kina cha mita 6 inaingia, lakini ukigundua baadaye kwamba mita mbili ni za barabara, haiingii tena. Vipimo hivi ni vya kupangia tu. Eneo lako likiwa na vyake, fuata vyake.

Hatua ya 3: Maji taka

Uliza kwanza kama bomba la maji taka la KIWASCO, kampuni ya maji ya Kisumu, linapita karibu. Kama lipo, unganisha na uruke sehemu kubwa ya hatua hii, hata kama gharama ya kuunganisha inauma.

Kama halipo, jaribu udongo. Chimba kishimo cha upana wa sentimita 30 na kina cha mita moja pale unapotaka shimo la kunyonya, lile linaloachia maji taka yaingie kwenye udongo. Kijaze maji jioni ulale. Asubuhi weka maji ya sentimita 30, kisha upime yanavyoshuka. Ikichukua zaidi ya saa nzima kushuka milimita 25, shimo la kunyonya halitafanya kazi hapo. Kukijaza usiku mzima si mapambo: udongo mweusi wa tambarare ya Kano hupasuka wakati wa kiangazi, maji yakapotelea kwenye nyufa, na mtu akadhani amepata ardhi inayonyonya vizuri. Ukishalowa huvimba, nyufa hufunga, na maji husimama. Kwa hiyo jaribio la Januari lisilolowekwa ni uongo. Maeneo ya chini kama Nyalenda yana shida nyingine: maji ya ardhini yako karibu, na shimo hujaa kutoka chini. Kule Riat utapambana na mwamba.

Udongo ukinyonya, tafuta nafasi. Kaa mita 3 kutoka kwenye kuta za nyumba, 1.5 kutoka mpakani, na 30 kutoka kisima chochote, cha jirani pia. Kwenye ploti ya mita 30 maana yake ni chagua: kisima au shimo. Nyumba ikikaa mita 1.5 kutoka mpaka wa kushoto, upana wake wa mita 7 unaacha 6.5 upande wa kulia. Toa 3 na 1.5, zinabaki 2. Hiyo ndiyo nafasi ya shimo lako, na ukisogeza nyumba katikati ya ploti ili ipendeze, umeipoteza.

Udongo usiponyonya, jenga tangi lililozibwa, la kunyonywa na lori. Lita 10,000 kwa watu wanne wanaotumia lita 80 kila mmoja hujaa kwa siku 31 hivi, basi hakikisha mpira wa lori unaweza kufika. Wauzaji wa bayodaijesta (tangi la kuozesha kinyesi) watakuambia yao haijai kamwe. Kinyesi huoza, ni kweli, lakini maji bado hutoka upande wa pili, na yanahitaji udongo uleule uliokataa kunyonya.

Wengi hutaka kutumia tangi la nyumba ya kwanza. Ukubwa kwa kawaida hausumbui: tangi la mita 2.4 kwa 1.2 lenye maji ya kina cha 1.5 ni lita 4,320, na watu tisa kwa lita 100 ni 900 kwa siku. Linalosumbua ni usawa. Bomba la inchi 4 linataka mteremko wa sentimita 2.5 kwa kila mita. Likitoka nyumba mpya likiwa sentimita 30 chini ya ardhi, likaenda mita 14, litafika likiwa 65, na kama mdomo wa tangi uko 45, maji hayatapanda. Hapo unainua sakafu ya nyumba mpya au unajenga tangi lake. Pima kwa mpira angavu wenye maji kabla msanifu hajachora, maana kuinua sakafu baadaye ni kuchora upya. Macho hudanganya, hasa pale ardhi inaposhuka kidogo kuelekea ziwani.

Hatua ya 4: Michoro

Msanifu majengo aliyesajiliwa na mhandisi aliyesajiliwa. Mchoro wa kunakili uliouziwa kwenye simu hauna muhuri wa mtu yeyote. Mwambie mhandisi kina cha udongo mweusi baada ya kuchimba mashimo mawili ya mita 2. Msingi usikae juu yake. Ondoa wote, rudishia maramu kwa tabaka za sentimita 15, kila moja ikishindiliwa.

Hatua ya 5: Kaunti

Peleka michoro kaunti uombe ruhusa ya kujenga. Chini ya Sheria ya Mipango ya 2019, usipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, ruhusa huhesabiwa imetolewa. Tunza risiti yenye tarehe, lakini usianze kujenga kwa kuitegemea: hatua inayofuata inataka michoro yenye muhuri. Kujenga bila ruhusa ni faini isiyozidi shilingi 500,000 au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote.

Hatua ya 6: NEMA na NCA

Anza na NEMA, mamlaka ya mazingira, kisha usajili mradi NCA, mamlaka ya ujenzi, mtandaoni. Fundi mkuu awe na leseni inayotumika mwaka huu, si ya mwaka jana.

Hatua ya 7: Ukaguzi

Mkaguzi aone mtaro wa msingi kabla ya zege. Mabomba ya maji taka yasifukiwe kabla ya kumwaga ndoo mbili kwenye choo kipya na kusikia zimefika tangini. Na cheti cha kuhamia kiombwe kabla mpangaji hajaleta godoro.