Dramu ya mashine ya kufua ikicheza, ni kawaida ama imekufa? Jipimie mwenyewe kwa mkono

Huku Mombasa swali hili lauliziwa sana na watu wanaonunua mashine za mtumba, zile za eks-UK, yani zilizotumika Uingereza, mtu afungua mlango asukuma dramu yacheza yote, aingiwa na wasiwasi. Ama kinyume chake, muuzaji anamwambia mteja "hio kawaida mamangu" na si kawaida hata kidogo, pesa zimekwenda. Jamani dramu kucheza peke yake si ugonjwa, cha kuangalia ni inacheza pamoja na nini.

Mashine ya mlango wa mbele ina dramu mbili. Ile ya stenlesi yenye matundu unayotia nguo imekaa ndani ya tangi kubwa, mara nyingi la plastiki, ambalo ndo linashika maji. Tangi hilo limening'inizwa kwa springi juu, limeshikwa na shoki chini, zile za kuzuia mtikisiko, na limefungiwa uzito, mara nyingi bonge la zege, ili lisirukeruke. Kwa hivo ukilisukuma lazima lisogee, ndo lilivotengenezwa. Lakini dramu na tangi lake zatakiwa ziende pamoja, moja isiiache nyengine.

Sasa pima. Zima, chomoa plagi kabisa ukutani usitegemee swichi, hakikisha hamna nguo wala maji. Fungua mlango, shika mdomo wa dramu pale juu katikati, inua kwa nguvu kiasi alafu kandamiza chini. Macho usiyaweke kwenye mkono, yaweke kwenye ule mwanya baina ya ukingo wa dramu na raba ya mlango, manake raba imefungwa kwenye tangi. Mwanya haubadiliki, raba inapanda na kushuka na dramu? Hizo ni springi zinafanya kazi yake, usikubali fundi akwambie dramu imekufa. Lakini ukiona chuma chapanda peke yake raba imebaki pale pale, na mkononi wasikia "tak", basi beringi, yani zile ringi za gololi dramu inazozungukia, zimeliwa, ama spaida, chuma kinachoshika mgongo wa dramu, imekatika, na kama bado hujalipa usilipe.

Alafu zungusha dramu kwa mkono pole pole huku umetega sikio. Nzima inazunguka kwa utulivu, zenye mota iliyounganishwa moja kwa moja bila mkanda utasikia sumaku inavuta kidogo, hio haina neno. Mbovu inakwaruza, wasikia ni ka mchanga unasagika ndani, na ikifika spini, yani kukamua nguo, ya mizunguko 1000 na kwenda juu kwa dakika inanguruma nyumba nzima inajua. Ukiweza kufungua kifuniko cha nyuma, chungulia katikati ya tangi pale shafti, kile chuma kinachozungusha dramu, inapopita. Michirizi ya kutu, rangi ya kahawia, inayoteremka kutoka hapo yamaanisha sili, ile raba ya kuzuia maji, imekwisha, maji yameingia kwenye beringi, hata kama kelele haijaanza itaanza tu.

Hii ya spaida nataka muisikilize vizuri watu wa pwani. Spaida ni kile chuma cha miguu mitatu kinachoshika mgongo wa dramu, na kwa kawaida ni aluminiamu. Maji ya mfereji hayatoki kila siku, wengi tunafulia maji ya kisima, na ya visima vingi huku yana chumvi, chumvi na aluminiamu haziwezani. Inaliwa kidogo kidogo na kwa nje huoni kitu. Kuijua, zungusha dramu mzunguko mmoja mzima ukiangalia ule mwanya na raba: ukiwa unapanuka na kubana kila ikizunguka, yani dramu inayumba, usiiwashe tena mpaka ifunguliwe. Ikikatikia kwenye spini inaweza kupasua tangi lote, na hapo hakuna cha kutengeneza.

Shoki ni rahisi. Kandamiza tangi chini uachilie ghafla, lapaswa lirudi juu litulie. Likidunda mara tatu nne shoki zimechoka, badilisha zote kwa pamoja, na dramu hata haiguswi.

Na kabla hujaita mtu hebu angalia haya. Mashine mpya inayoruka kiwendawazimu mara nyingi bado ina zile boliti za usafiri kwa nyuma, zinazoshika tangi wakati wa kubebwa, zitoe zote uziweke. Siku ukihama zirudishe, manake mashine iliyovukishwa feri ya Likoni juu ya mkokoteni bila boliti yaweza kufika springi imechomoka, utaona dramu imelalia upande mmoja hata haijawashwa. Miguu nayo iwe levo, shika pembe za juu uitikise, ikikongoja zungusha mguu mpaka ikae alafu kaza nati yake. Mwisho endesha spini tupu bila nguo, ikienda laini basi shida ni mzigo, blanketi moja zito limejikusanya upande mmoja. Ndo maana pia utaiona inaanza spini, inasimama, inageuza, inajaribu tena, hio inatafuta kusawazisha nguo wala haijaharibika.

Za mlango wa juu dramu yake inaning'inia kwenye fito nne za pembeni, kwa hivo ukiisukuma inayumba kila upande na ni sawa. Na kile kisahani cha chini kwenda kulia nusu kurudi kushoto wakati wa kufua ndo kazi yake. Ogopa ikiwa inagonga bodi la mashine kwenye spini wakati nguo umezipanga sawa, hapo angalia fito.

Ikiwa ni beringi kweli, kabla ya bei muulize fundi tangi la modeli yako lafunguka kwa skurubu ama limeunganishwa kiwandani moja kwa moja. La skurubu, beringi mbili na sili yake mpya zatosha, na namba ya beringi imeandikwa ubavuni, duka lolote la beringi za magari watakutafutia. Lililounganishwa mara nyingi utaambiwa ununue tangi zima na dramu yake, na kwa mashine ya mtumba piga hesabu kwanza, manake yaweza kukaribia bei ya mashine nyengine.