Jinsi ya Kuchagua Samaki kwa Kuangalia Alichokula: Zebaki na Kitoweo cha Nyumbani

Kabla ya kumuuliza mchuuzi bei ya samaki, fikiri kwanza samaki huyo anaishi kwa kula nini. Kwa nyumba yenye mja mzito au mtoto mdogo, swali hilo lina faida kuliko swali la usafi wa maji alikovuliwa, kwa sababu zebaki, metali yenye sumu inayoumiza ubongo wa mtoto, iliyomo katika nyama ya samaki mkubwa haikutoka sana kwenye maji aliyoogelea, bali kwenye samaki wengine aliowameza.

Jikoni kwetu Wete, Pemba, nilimpasua kolekole mbele ya mdogo wangu, ambaye wakati huo alikuwa na mimba ya miezi minne. Tumboni mwa kolekole huyo tulikuta vibua watatu, wawili wazima na mmoja aliyebaki mgongo tu. Nikampasua mmoja wa wale wazima, na ndani yake mlikuwa na uji wa kijivu wa vijidudu vya baharini, laini kama ute wa bamia. Ngazi tatu za mlolongo wa chakula zilikuwa juu ya ubao mmoja wa kukatia, na tangu siku hiyo sikuhitaji kumweleza mdogo wangu kwa nini namwambia achague kibua badala ya kolekole.

Mlolongo huu umechunguzwa sana katika maziwa na mito, na jambo hilo linatuhusu na sisi wa visiwani, kwani sangara, sato na dagaa wa Mwanza wanaouzwa hapa hutoka Ziwa Viktoria. Zebaki hufika ziwani kwa mvua na kwa mito. Ipo inayotokana na miamba na udongo, ipo ya moshi wa makaa ya mawe, na ipo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, ambao huichanganya na mawe yaliyosagwa ili inase dhahabu, kisha huichoma ikapaa kuwa mvuke. Duniani kote uchimbaji wa namna hiyo ndio unaoongoza kwa kutoa zebaki hewani, takriban asilimia 38 ya yote inayosababishwa na binadamu. Ikituama katika tope la chini lisilo na hewa, bakteria huigeuza kuwa zebaki ya methili, aina inayoingia mwilini kwa urahisi na kutoka kwa taabu. Mwani mdogo usioonekana kwa macho huinyonya kutoka majini, na hatua hiyo ya kwanza ndiyo inayoongeza wingi wake kuliko nyingine zote. Kisha vijidudu hula mwani, dagaa hula vijidudu, sangara hula dagaa, na kila anayekula hubaki na sehemu kubwa ya zebaki ya wale aliowala, ilhali nyama yao ameshaitumia kwa nguvu na kukua. Ndiyo maana samaki wa ngazi ya juu anaweza kuwa na zebaki ya methili mara milioni moja au zaidi kuliko maji yanayomzunguka, na ndiyo maana maji yanayofaa kunywewa yanaweza kuwa na samaki asiyefaa kuliwa kila siku.

Huko Niigata, Japani, mwaka 1965, watu wa kando ya Mto Agano waligunduliwa kuwa na maradhi ya Minamata, yaani sumu ya zebaki ya methili mwilini, wakifa ganzi mikono na miguu, wakiyumba na kupoteza upeo wa macho, baada ya kula samaki wa mto uliopokea taka za kiwanda. Nchini Kanada, kiwanda kilichokuwa Dryden kilimwaga takriban tani 9 za zebaki katika mito ya Wabigoon na English kati ya mwaka 1962 na 1970, na hadi leo samaki wa huko wana zebaki nyingi. Ziwa Viktoria halijafikia hali hiyo. Samaki wake wengi waliopimwa walikuwa chini ya miligramu 0.5 kwa kilo moja ya nyama, kiwango kinachotumika katika nchi nyingi. Basi hapana sababu ya kumkimbia sato.

Ukiwa sokoni, wapange samaki kwa ngazi zao. Katika samaki wa ziwani, dagaa wa Mwanza na sato wako chini, na sangara yuko juu, hasa akiwa mkubwa. Umri una uzito sawa na chakula, kwa sababu samaki hutoa zebaki polepole mno na kila mwaka huongeza juu ya ile ya mwaka uliopita. Kwa hiyo kati ya sangara wawili, mchukue mdogo. Na ukikuta minofu iliyokatwa tayari, tazama unene wa pande lenyewe, maana mnofu mnene sana hautoki kwa samaki mchanga. Kanuni hiyohiyo hutumika kwa samaki wa baharini: tasi na pono hula majani na mwani, vibua na dagaa huishi kwa vijidudu, na hao ndio kitoweo cha kila siku bila wasiwasi. Changu na sehewa wako katikati. Nguru, mzia, kolekole mkubwa na jodari mkubwa waliwe kwa nafasi, na papa, nduaro na sulisuli ndio ambao mja mzito ningemwomba awaache kabisa.

Atakaye hesabu aipate hapa. Kamati ya wataalamu ya Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo iliweka mwaka 2003 ukomo wa mikrogramu 1.6 za zebaki ya methili kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa wiki. Mwanamke wa kilo 60 anapata mikrogramu 96. Katika vipimo vya Marekani, papa alikuwa na wastani wa karibu mikrogramu 1 katika kila gramu ya nyama, na sato alikuwa na 0.013. Papa wa huko si papa wa kwetu, lakini tofauti ya ngazi inaonekana wazi: kipande cha papa cha gramu 100 kinamaliza fungu lote la wiki, na ili fungu hilohilo limalizwe kwa sato, mtu atahitaji kula zaidi ya kilo 7.

Hapa lazima nizungumze juu ya ng'onda, kwa sababu mchuzi wa papa mkavu ni chakula cha heshima kwetu na wengi hawadhani kuwa kukauka kunabadilisha chochote. Takriban robo tatu ya uzito wa nyama mbichi ni maji. Jua na chumvi huondoa maji, na zebaki hubaki palepale, kwa hiyo gramu 100 za ng'onda zinaweza kubeba zebaki ya gramu 200 au 300 za nyama mbichi. Kumroweka usiku kucha kunatoa chumvi tu. Ukitaka kupima, mpime angali mkavu, maana akishavimba kwa maji mizani itakudanganya.

Mapishi nayo hayasaidii. Zebaki ya methili imeshikamana na protini ya nyama yenyewe, haimo katika mafuta wala ngozi, kwa hiyo kuchuna, kubana ndimu, kukaanga au kumwaga maji ya kwanza hakuiondoi. Kazi yote hufanyika wakati wa kununua.

Mwili wa mtu huchukua takriban siku 50 hadi 70 kutoa nusu ya zebaki ya methili iliyomo. Kwa hiyo anayetarajia kubeba mimba aanze kuchagua miezi kadhaa kabla, kwani zebaki hii hupita kwenye kondo la nyuma, na ubongo wa mtoto unaojengwa ndio unaoumia kwanza. Namwomba sana asikimbilie kuacha samaki, kwa kuwa mafuta ya samaki na madini joto yake vinamfaa mtoto huyohuyo tunayemlinda. Ale mara mbili au tatu kwa wiki, kipande cha gramu 110 hivi, kutoka ngazi za chini. Mtoto wa miaka 4 hadi 7 apewe nusu ya kipande hicho, mara mbili kwa wiki. Anayenyonyesha aendelee kunyonyesha na achague samaki vivyo hivyo. Na huyo anayenyonyesha akialikwa kwenye arusi akakuta mchuzi wa papa umeshapakuliwa, aonje kidogo, kisha wiki hiyo na inayofuata abaki kwenye dagaa, vibua na tasi.