Kompyuta mpya uliyounga mwenyewe haiwaki? Anzia hapa

Pole sana, najua roho inavyodunda ukibonyeza swichi halafu kimya, ila usikimbilie kusema mazabodi (ile bodi kubwa vitu vyote vinapochomekwa) imekufa maana mara nyingi ni waya tu. Angalia swichi ya nyuma ya pawa saplai (lile boksi la kugawa umeme) iwe kwenye I sio O, halafu zile waya mbili kubwa, ya pini 24 ya mazabodi na ya pini 8 ya prosesa (ile chipu kuu, ubongo wa kompyuta) kule juu pembeni ya mazabodi, hii ya pili ndo wengi wanaisahau, zisukume mpaka zilie tak.

Hata feni haizunguki? Chomoa kawaya ka swichi ya kesi, gusisha zile pini mbili za mazabodi ulikokachomoa kwa bisibisi sekunde moja, ikiwaka basi swichi ya kesi ndo mbovu.

Feni zinazunguka ila skrini nyeusi, hapo mi naanzaga na ramu, vile vijiti vya memori. Zima, toa zote, rudisha moja tu, kwenye mazabodi ya sloti nne weka kwenye sloti ya pili kuanzia kwa prosesa, bonyeza mpaka ijifunge, na kama ni DDR5 (aina mpya ya ramu) subiri dakika kadhaa kwanza, mara ya kwanza inajipima yenyewe. Waya wa monita chomeka kwenye kadi ya picha sio mazabodi, maana prosesa kama Ryzen 5 5600 haitoi picha yenyewe.

Bado? Chomoa umeme, toa kibetri cha CR2032, kale ka duara kwenye mazabodi, dakika 5 urudishe ili setingi zijifute. Ikigoma tena itoe mazabodi uilaze juu ya boksi lake ujaribu, ikiwaka hapo kuna kitu ndani ya kesi kinapiga shoti.