Modemu ya SIM800L isikamate rezo (mtandao wa simu) ya Gisenyi

SIM800L ni modemu ndogo inayotumia laini ya simu kutuma ujumbe. Wengi wanaoniletea modemu hapa Birere, Goma, wanataka kitu kilekile: umeme ukikatika, friza ya sambaza (samaki wadogo) imtumie mwenyewe ujumbe. Kuipanga modemu kwa terminali ya Linux ni kazi nyepesi. Kinachotusumbua Goma ni mpaka. Minara ya Gisenyi, upande wa Rwanda, iko jirani mno, modemu inavuka yenyewe, na inite (salio la simu) zinaisha kwa bei ya roaming, yaani ya kutumia mtandao wa nchi nyingine, wakati mwenye friza amelala zake Katindo.

Anza na umeme. SIM800L inataka volti 3.4 hadi 4.4, na inapotuma inaweza kuvuta hadi ampea 2 kwa mkupuo. Usiipe volti 5 za adapta ya USB, kile kifaa kidogo kinachounganisha modemu na kompyuta. Mimi naweka batri ya lithiamu ya simu ya zamani. Kwa vyovyote lazima iwe na batri, maana itasema nini umeme wa nyumba ukiwa umezimika? Nyaya za adapta ni tatu: TX (ya kutuma) ya adapta iende RX (ya kupokea) ya modemu, RX iende TX, na GND (hasi) kwa GND. Adapta iwe ya volti 3.3.

Chomeka, kisha:

sudo dmesg | tail

Utaona ttyUSB0, jina ambalo Linux imeipa adapta. Ikitokea na kupotea papo hapo, na adapta yako ni ya chipu ya CH340 kwenye Ubuntu 22.04, brltty (programu ya vifaa vya breli vya wasioona) ndiyo imeinyakua. Iondoe:

sudo apt remove brltty

Ukiambiwa "Permission denied", jiongeze kwenye kundi la dialout, utoke na kuingia upya:

sudo usermod -aG dialout $USER

Sasa fungua mazungumzo na modemu kwa programu ya picocom:

picocom -b 9600 /dev/ttyUSB0

Andika AT, bonyeza Enter, rudia mara mbili tatu. Modemu mpya hujipimia kasi yenyewe, kwa hiyo kimya cha mwanzo kisikutishe. Ikijibu OK, ifunge kwenye kasi hiyo na uhifadhi:

AT+IPR=9600
AT&W

AT+CPIN? ikijibu READY, laini haina PIN. Ikijibu SIM PIN, muulize mwenye laini. Usibahatishe, ukikosea mara 3 laini inafungwa, na utatafuta PUK (namba ya kuifungua) mji mzima. AT+CSQ inakupa nguvu ya rezo, 0 hadi 31. Chini ya 10 mimi nahamisha antena kwanza. 99 maana yake haijui kitu.

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Uliza:

AT+CREG?

0,1 ni nyumbani. 0,2 bado inatafuta. 0,3 imekataliwa. 0,5 ni roaming, yaani iko kwa jirani. Hata ukipata 0,1 usishangilie: leo iko Kongo, usiku mnara wetu ukizimika itavuka. Omba orodha:

AT+COPS=?

Subiri, inaweza kuchukua dakika nzima au zaidi, na usiguse kitu. Kila mtandao unakuja ndani ya mabano, na mwishoni kuna namba. Zinazoanza na 630 ni za Kongo, 635 ni za Rwanda. Chukua namba kamili ya kampuni ya laini yako, uiweke mahali pa XX:

AT+COPS=1,2,"630XX"

Ile 1 ya mwanzo ndiyo inayoikataza kujichagulia. Wengine huweka 4, ambayo inajaribu mtandao wako kisha ikishindwa inarudi kujitafutia. Kwa Goma hiyo ni kuacha mlango wazi. Mnara wako ukianguka, ndiyo, modemu itakaa kimya. Wateja wangu nawaeleza hilo mapema, na wengi wanachagua kimya kuliko inite kuliwa. Zima modemu, iwashe, uliza AT+COPS? uone kama bado inashika. Programu itakayoiendesha iitume amri hiyo kila inapowaka.

Ujumbe wa majaribio:

AT+CMGF=1
AT+CMGS="+243..."

Ikitokea alama ya >, andika "Friza imezimika", kisha Ctrl-Z. Enter haitumi. Namba ianze na +243 hata kama mwenyewe anaishi Himbi. Kutoka picocom ni Ctrl-A, halafu Ctrl-X.