Kabla ya Kufunga Sensa Kwenye Injini ya Boti: Mambo ya Kuzingatia Lamu

Boti ya abiria ya Mokowe ikianza kutetema kuliko kawaida yake, fundi mzoefu huihisi kwa kiganja tu. Lakini kujua kama ugonjwa uko kwenye beringi, shafti au propela kunahitaji sensa mbili zinazosomwa pamoja: ya uga wa sumaku ihesabu mizunguko, na ya piezo (fuwele inayotoa chaji ya umeme ikibanwa) ipime mitetemo.

Anza na karatasi. Injini ikizunguka mara 1,500 kwa dakika na giaboksi ikapunguza nusu, shafti inabaki na 750, yaani Hz 12.5 (mizunguko 12.5 kwa sekunde). Propela ya mabawa matatu itasukuma maji kwa Hz 37.5. Bila namba hizi mkononi, grafu itakuwa milima mitupu usiyojua majina yake.

Kwa hesabu ya mizunguko, sumaku moja iliyogundishwa kwenye shafti na sensa ya Hall, ile inayohisi uga wa sumaku, mbele yake vinatosha. Sumaku ya neodimiamu ya kawaida huanza kupungua nguvu joto likipita nyuzi 80 hivi, na ganda lake la nikeli likikwaruzika chumvi huila upesi, kwa hiyo izungushie epoksi. Nafasi kati yake na sensa iwe milimita chache. Sumaku ndogo ikishakuwa mbali, kuongeza umbali maradufu hushusha uga hadi kama thumni. Angalia na nyaya za umeme zilizo jirani: waya wa ampea 100 ulio sentimita 10 kando hutoa mikrotesla 200 hivi, kiasi kinachoshinda uga wa dunia mara kadhaa. Sensa ya Hall ya kuwasha na kuzima haitajali, maana husubiri militesla kadhaa. Magnetomita, yaani kipimo cha uga wa sumaku, yenye hisia kali itavurugika. Dira ya nahodha nayo itavurugika, basi mwombe ruhusa kabla hujaweka sumaku karibu nayo.

Piezo ndiyo yenye makuu. Tangu ndugu Jacques na Pierre Curie walipoonyesha mwaka 1880 kwamba fuwele zikibanwa hutoa chaji, shida imebaki ileile: chaji yenyewe ni kiduchu. Fuwele ya kwatzi hutoa pikokulombi 2.3 hivi (pikokulombi ni kipimo cha chaji ndogo mno) kwa kila nyutoni ya nguvu. Kwa hewa ya Lamu, kidole chenye jasho kikigusa pini ya plagi kimeshaiachia njia ya kutorokea, na mita ya kawaida ya fundi haitaona kasoro yoyote. Safisha plagi kwa spiriti, ikaushe, ifunike hadi dakika ya kuunganisha. Kebo ibane kwa tepu kila baada ya shubiri moja. Ikipigapiga huzaa chaji yake yenyewe, nawe utadhani injini ndiyo inayosema. Kwa kazi za hapa mimi ningenunua sensa yenye amplifaya ndani, isiyodhurika sana na unyevu, ila isikae karibu na ekzosti: nyingi hukoma kwenye nyuzi 120 hivi.

Na usimwahidi mvuvi mzani wa piezo. Mzigo uliotulia hausomeki, chaji huvuja na namba kurudi sifuri samaki wakiwa bado wananing'inia.

Pahali pa kufunga pakwanguliwe rangi kwa msasa hadi chuma king'ae. Nta ya nyuki hushika vizuri injini ikiwa baridi, kisha huyeyuka. Kitako cha sumaku kinafaa kwa mitetemo ya chini, lakini kelele za beringi zinazopita Hz 2,000 zinataka boliti.

Zungusha shafti kwa mkono, uone pigo moja kwa kila mzunguko. Gonga kitako cha injini kwa nyundo ya mpira, uone grafu ikiruka na kutulia. Kisha tazama maji: injini inayopozwa kwa maji ya bahari haiwashwi boti ikiwa imekaa mchangani, hata kama sensa zote ziko tayari. Ngoja yajae.