Jinsi ya Kuomba Ruhusa Maalumu ya Kusafirisha Vitu vya Hatari kwa Barabara Nchini Marekani

Kabla hujaanza kujaza maombi, hakikisha kwanza kwamba unaihitaji hiyo ruhusa, yaani kibali cha serikali cha kufanya jambo kwa njia tofauti na ile inayotakiwa na kanuni. Kanuni za vitu vya hatari, zilizomo katika juzuu ya 49 ya Kanuni za Shirikisho, tayari zina misamaha mingi ndani yake, na anayetimiza masharti ya msamaha haombi chochote kwa mtu. Fungua jedwali la kifungu 172.101, tafuta jina la mzigo wako, kisha tazama safu ya 7, penye masharti maalumu, na safu ya 8A, inayokupeleka kwenye misamaha ya ufungashaji.

Mafundi wengi wataupata wao katika kifungu 173.6. Huo ni msamaha wa vifaa vya kazi: thina ya mpaka rangi, au mitungi ya oksijeni na asetilini ya mchomeleaji iliyo nyuma ya pikapu yake. Kwa vimiminika vinavyowaka vya daraja la II na la III la ufungashaji, yaani vyenye hatari ya wastani na ndogo, chombo kimoja kisizidi lita 30. Vya daraja la I, ambavyo ni vikali zaidi, mwisho ni nusu lita. Mtungi wa gesi usizidi kilo 100, na vitu hivyo vyote kwenye gari visizidi kilo 200 kwa pamoja. Ukibaki ndani ya mipaka hiyo huhitaji karatasi za mzigo wala mabango ya hatari, ila vyombo visivuje, vifungwe visitembee garini, viwe na jina la kilichomo, na dereva ajue anabeba nini. Angalia sana jambo moja: msamaha huu ni wa mwenye gari anayebeba vitu kwa kazi yake, na kazi yenyewe isiwe usafirishaji. Ukilipwa kumbebea mtu thina ileile, haukuhusu tena. Taka za hatari nazo hazimo kabisa.

Ukikosa msamaha, sasa unaelekea PHMSA, wakala wa Wizara ya Uchukuzi unaosimamia usalama wa mabomba na vitu vya hatari. Hapo pia kuna njia ya mkato iliyo halali. Pitia orodha ya ruhusa zilizokwisha kutolewa, ambayo PHMSA huiweka wazi kwenye tovuti yake. Ukikuta mwingine alishapewa ruhusa ya jambo lilelile unalotaka, omba kuingizwa kama mshiriki wa ruhusa hiyo, chini ya kifungu 107.107. Kazi yake ni ndogo kuliko kuanza upya. Ruhusa za kutengeneza vyombo, hata hivyo, hazipokei washiriki.

Maombi mapya yanaongozwa na kifungu 107.105, nayo yafike angalau siku 120 kabla ya tarehe unayotaka ruhusa ianze. Andika jina na anwani ya mwombaji, na kama hukai Marekani, taja wakala wako aliye huko. Kisha taja kwa namba kifungu unachotaka kusamehewa. Usiseme tu kwamba kanuni za ufungashaji zinakubana. Taja kifungu chenyewe hadi kifungu kidogo. Eleza ni mzigo gani, chombo gani, usafiri wa aina gani na kwa muda gani, na uambatishe michoro.

Sehemu inayoamua ni ya uthibitisho. Unatakiwa uonyeshe kwamba njia yako ina usalama usiopungua ule ambao kanuni ingeuleta. Chukua mfano wa mitungi ya gesi. Kanuni inataka ipimwe kwa shinikizo la maji, nawe unataka kuipima kwa mawimbi ya sauti. Kusema kwamba kipimo chako ni cha kisasa na kinaokoa muda hakutakusaidia. Mkaguzi anataka kujua kifaa chako kinaona ufa wa kina gani, kinapimaje unene wa ukuta wa mtungi, na kinasahihishwaje kwa mtungi wa majaribio wenye mikato inayojulikana vipimo vyake. Anataka kujua mtungi utakataliwa ukifikia hali gani, na nani amefunzwa kusoma matokeo. Weka takwimu za majaribio yako, historia ya safari za mzigo huo na ajali zilizotokea, hata zile zinazokuumiza kuzitaja. Taja pia hatari inayoongezeka kwa njia yako, na hatua utakayochukua kuidhibiti. Mimi ningeandika sehemu hii kwanza, kabla ya nyingine zote, maana ikishindikana kuiandika, basi bado hujawa tayari kuomba.

Maombi yenye mapungufu yanaweza kurudishwa ndani ya siku 30. Yakikubaliwa kuwa kamili, tangazo hutoka katika Gazeti la Shirikisho ili wananchi watoe maoni, na rekodi yako ya usalama inachunguzwa. Kuna njia ya dharura, kifungu 107.117, kwa ajili ya kuzuia madhara makubwa kwa watu au mali, kwa usalama wa taifa, au kuepusha hasara kubwa ya kiuchumi. Usiitegemee kwa sababu ulichelewa. Kama ungeweza kuomba mapema, wanaweza kukukatalia. Ukinyimwa ruhusa yenyewe, una siku 20 za kuomba uamuzi uangaliwe upya, na jibu la hilo nalo linaweza kukatiwa rufaa ndani ya siku 30.

Ruhusa ikitoka, ina namba inayoanza na DOT-SP. Namba hiyo iandikwe kwenye karatasi za mzigo na juu ya vifungashio, na nakala ya ruhusa iwepo kila mahali vifungashio hivyo vinapotumika. Ikisema nakala iwe ndani ya lori, dereva asiondoke bila nayo. Soma kila sharti, kwa sababu ukivunja moja, umevunja kanuni ileile uliyoomba kusamehewa.

Ruhusa ya kwanza haizidi miaka 2, na ya kuhuisha haizidi 4. Peleka maombi ya kuhuisha yaliyo kamili angalau siku 60 kabla ya kwisha, na ya zamani itaendelea kukulinda hadi uamuzi utoke.